Seva ya nane

Tarehe 1/8/2012, kule Marekani, Knight Capital, kampuni ya soko la hisa, ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 kwa dakika 45 tu. Mwizi hakukuwa. Siku chache mbele, fundi alikuwa anaweka programu mpya kwenye seva, moja moja, kwa mkono. Seva zilikuwa 8, yeye akaishia kwa 7. Ya nane ikabaki na programu ya zamani, yenye kampuni iliacha kutumikisha tangu 2003. Soko lilipofunguka, ile programu ikaamka na kuanza kutuma oda yenyewe, bila kusimama.

Mimi kinachonishangaza ni mwaka. Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa na miaka 19 tayari.

Mwaka 1993, Mark Burgess, mtu wa fizikia kutoka Uingereza, alikuwa anafanya kazi Oslo, Norway. Idara yake ilikuwa na mashine za Unix za aina mbalimbali, na kila aina ilidai maagizo yake. Akaandika CFEngine. Wazo lake: usiiambie mashine fanya hiki, kiisha fanya kile. Andika namna inapaswa kuwa. Programu inapita, inaangalia: penye kuko sawa inaacha, penye kumepinda inanyoosha. Irudilie hata mara mia, matokeo ni yale yale.

Sisi wa agronomia tunaelewa hii upesi. Ukimwambia mlinzi wa pepinieri "mwaga ndoo mbili kila asubuhi", atamwaga hata kama mvua ilinyesha usiku kucha, na miche itaoza. Ukimwambia "udongo ubaki na unyevu", ataangalia kwanza.

Wengine walifuata: Luke Kanies akatoa Puppet mwaka 2005, Chef ikaja 2009, na Michael DeHaan akatoa Ansible mwaka 2012, mwaka ule ule wa Knight. Ansible haidai kuweka programu ya pekee ndani ya kila seva, inapitia SSH tu. Juu ya hiyo hata fundi mwenye seva tano anaiweza. Wenye kusema ni mambo ya makampuni makubwa, wakumbuke Knight ilianguka kwa seva 8, si elfu nane.

Lakini chombo chenye kunyoosha seva zote kwa mara moja kinaweza pia kuzipindisha zote kwa mara moja. Ndiyo maana kuchunga ni kazi ingine. Mwaka 1999 Ethan Galstad alitoa NetSaint, yenye leo tunaita Nagios: inauliza kila mashine kama iko hai, kama diski imejaa, na mambo yakiharibika inapiga kengele.

Knight, kumbe, ilipata ishara. Mbele soko lifunguke, mashine zilituma barua pepe 97 zenye kutaja kosa. Hazikuwa zimepangwa kuwa kengele, na hakuna aliyezishughulikia. Kiisha, katikati ya moto, mafundi wakatoa programu mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa sawa. Nazo zikaanza kufanya kama ya nane. Mwaka uliofuata Knight ikaunganishwa na kampuni ya Getco.