Kabla ya Jeli Kulikuwa na Njugu

Wasee, hebu tuambiane ukweli. Kuna imani imeingia Nairobi hizi siku, ati ukitaka kuendesha baiskeli masafa marefu lazima mfukoni uwe na jeli. Zile pakiti ndogo za kung'aa, tamu hadi meno yanauma, na moja tu inaweza kula pesa ya lunchi ya watu wawili. Kuna duka moja la baiskeli ambapo muuzaji aliangalia njugu zangu kwenye karatasi akaniambia hiyo ni chakula ya makanga, si ya mwanamichezo. Pale dukani sikumjibu. Namjibu hapa, na jibu langu ni historia.

Niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo sina digrii ya kuwapigia nayo kifua. Lakini kusoma sijaacha, na kuuliza wazee sijaacha. Msimamo wangu ni huu: chakula cha chumvi kimebeba safari ndefu za baiskeli, Ulaya na hapa kwetu, miaka mingi kabla sukari ya pakiti kuzaliwa. Na watu waliokipika wamefutwa kwenye stori kwa sababu hawakuwa na jina kwenye pakiti.

Tuanze mbali. Mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop alisajili tairi yake ya hewa kule Belfast. Kabla ya hapo baiskeli ilikuwa inakuvunja mgongo. Baada ya hapo watu wakaanza wazimu wa masafa. Mwaka wa 1891 gazeti moja la Paris liliandaa mbio kutoka Paris hadi Brest na kurudi, kama kilomita 1,200. Charles Terront alishinda kwa zaidi ya saa 71 bila kulala. Mwaka wa 1903 ikaja Tour de France ya kwanza: kilomita 2,428 kwa hatua 6 pekee. Hatua ya kwanza, Paris hadi Lyon, ilikuwa kilomita 467, na Maurice Garin aliimaliza kwa karibu saa 18. Kati ya watu kama 60 walioanza mbio hizo, 21 ndio walimaliza.

Sasa jiulize, hao watu walikula nini? Jeli haikuwepo. Walikula chakula cha watu, kile kile kilichokuwa mezani na kwenye mikahawa ya njiani. Baadaye timu zikazoea kutumia kifuko cha kitambaa cha kuning'iniza begani, ambacho mwendeshaji anakinyakua akipita bila kusimama. Ndani yake sandwichi ndogo za nyama na jibini zimekaa miaka mingi sana kando ya matunda na vitu tamu.

Lakini angalia ni nini kilipata jina. Kule Ufaransa kuna keki ya mviringo kama gurudumu, imejaa krimu, inaitwa Paris-Brest, kwa heshima ya zile mbio. Keki ikapata jina na historia. Mkate na nyama uliokuwa mfukoni haukupata kitu. Hiyo ndiyo tabia ya historia, wadau: inakumbuka kitindamlo na kusahau chakula.

Turudi kwetu. Vitu vingi tunaviita vya kienyeji ni wasafiri wenyewe. Njugu karanga, mahindi, muhogo na waru vyote asili yake ni Amerika. Njugu, mahindi na muhogo vilifika Afrika kupitia biashara ya Wareno, kuanzia karne ya 16. Sambusa ina stori ndefu zaidi. Jina lake linatoka Uajemi, na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, alikuja kuandika kuhusu sambusa zilizopakuliwa kwenye karamu ya sultani wa Delhi. Fikiria hiyo: kitu unachonunua stage kwa shilingi chache kilikuwa mezani kwa mfalme karibu miaka 700 iliyopita. Halafu kati ya 1896 na 1901 ikajengwa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, na zaidi ya Wahindi 30,000 wakaletwa kuijenga. Wengi walirudi kwao, lakini nyuma ya reli zikafuata duka. Ndiyo maana leo unapata chevda na bhajia kwenye miji ambayo bahari hawajaiona.

Unaona kitu? Hizi zote ni chakula za watu wa safari. Ni kavu au zimekaangwa, zina chumvi, hazimwagiki, na unazila kwa mkono mmoja. Baiskeli ilipofika, ilikuta menyu iko tayari.

Na hapa ndipo Busia inaingia. Neno boda boda unalolitumia kila siku halikuzaliwa na pikipiki. Lilizaliwa na baiskeli mpakani Busia, kuanzia miaka ya 1960, vijana wakibeba watu na mizigo kutoka kituo cha upande huu hadi kile cha Uganda. Boda hadi boda. Babu yangu, upande wa mama, alikuwa mmoja wao kwenye miaka ya sabini, na Black Mamba yake, ile baiskeli nyeusi nzito ya chuma yenye keria kubwa nyuma.

Miaka hiyo haikuwa mchezo. Idi Amin alichukua serikali Januari 1971, na Agosti 1972 akatangaza kufukuza Waasia, akiwapa siku 90. Biashara zikaanguka. Uganda ikaanza kukosa vitu vya kawaida kabisa: sukari, sabuni, mafuta ya taa, na chumvi. Ndiyo, chumvi. Kwa hivyo vitu vikawa vinavuka mpaka usiku, juu ya vichwa, juu ya punda, na juu ya keria za baiskeli. Upande ule mwingine, kahawa ya Uganda ilikuwa inaingia Kenya, hasa baada ya baridi kali kuharibu kahawa ya Brazil mwaka wa 1975 na bei ya dunia kupanda vibaya. Soko la Chepkube, kule Bungoma, lilijulikana kila mahali kwa sababu ya magendo hayo. Watu walitajirika, na wengine walipoteza kila kitu.

Babu hasemi sana kuhusu alichobeba kwenye keria. Lakini alichobeba mfukoni anasema bila aibu: mahindi makavu yaliyokaangwa pamoja na njugu, na chumvi juu. Mfuko wa kushoto chakula, wa kulia pesa. Alinunua kwa mama mmoja aliyekaa karibu na mpaka na sufuria yake, akipima kwa mkebe. Babu anasema waendeshaji walikuwa wanamkopa asubuhi na kumlipa jioni. Ukikosa abiria, unalala na deni lake. Huyo mama ndiye aliyekuwa timu, daktari na mdhamini. Babu jina lake halisi halijui, alimuita Mama Njugu tu. Na mimi hiyo inaniuma. Garin namjua hadi kilomita zake, lakini mwanamke aliyeniwekea babu yangu nguvu miguuni simjui.

Haya, jeli ilitoka wapi basi? Ni mtoto wa juzi. Mwaka wa 1986 mkimbiaji wa marathoni, Brian Maxwell, alianzisha PowerBar kule Berkeley, California, baada ya kuishiwa nguvu kwenye mbio. Jeli za pakiti zikaanza kuvuma miaka hiyo hiyo na kuingia ya tisini. Mwaka wa 2000 kampuni ya Nestlé ikainunua PowerBar kwa karibu dola milioni 375. Sina shida na Maxwell, msee alifanya kazi yake. Shida yangu ni kwamba pesa ikiwa nyingi hivyo, matangazo nayo yanakuwa mengi, na baada ya miaka michache watu wanaamini kabla ya hapo hakuna mtu alikuwa anajua kula.

Na sayansi yenyewe haijaitupa chumvi. Mwaka wa 1965 daktari Robert Cade na wenzake katika Chuo Kikuu cha Florida walitengeneza kinywaji cha wachezaji wao kwa maji, sukari, chumvi na ndimu. Hiyo ndiyo Gatorade. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi, kipindupindu kinaua, na dripu zimeisha. Akaanza kuwapa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari kwa mdomo, na vifo vikashuka sana. Siri ni kwamba sukari kidogo inasaidia utumbo kuvuta chumvi, na maji yanafuata. Mamako akikuchanganyia lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi ukiwa unaharisha, anatumia sayansi ile ile.

Na maji matupu nayo yana mpaka wake. Kwenye marathoni ya Boston ya 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini kupita kiasi. Sababu kubwa ilikuwa kunywa sana, si ati walikosa krisps. Kwa hivyo siwaambii chumvi ni dawa ya kila kitu. Nawaambia kunywa kwa kiu, na usidharau ulimi wako ukikuambia umechoka na tamu. Ukishaendesha saa nne, sukari inakuwa kama gundi mdomoni. Mwili unajua.

Halafu hii ndiyo napenda zaidi. Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliweka waendesha baiskeli 12 kwenye jaribio. Mara moja walikula jeli, mara nyingine waru iliyopondwa, mara nyingine maji tu. Waru na jeli zilitoa matokeo sawa kwenye mbio za mwisho, ingawa waru iliwajaza tumbo zaidi kwa sababu ilibidi wale nyingi. Enyewe tuwe wakweli: utafiti huo ulifadhiliwa na watu wa biashara ya viazi, na watu 12 si wengi. Lakini si unaona hata kwenye maabara waru haikuaibika?

Timu kubwa nazo zilishagundua. Allen Lim, mwanasayansi aliyefanya kazi na timu za mbio kubwa, alikuwa anapikia waendeshaji wali wa kushikana na mayai na nyama, anaukata vipande na kuufunga kwenye foili. Mwaka wa 2011 yeye na mpishi Biju Thomas wakatoa kitabu kizima cha mapishi. Watu wakashangaa, ati ubunifu. Manze, wali uliofungwa wa kubeba safari? Waulize akina nyanya kama huo ni ubunifu.

Wakati dunia inarudi kwenye chakula cha kweli, sisi tunakikimbia. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, za chini ya cc 250, na boda ya baiskeli ikaanza kufa mji baada ya mji. Sikatai, pikipiki imelisha familia nyingi. Lakini baiskeli ilipoondoka kwenye kazi ikarudi kwenye mchezo wa wenye pesa, na ikarudi na menyu mpya. Mama wa njugu naye, akikaa kando ya barabara leo, kanjo wanamwaga sufuria yake. Halafu kilomita mbili mbele kuna duka linauza jeli ya nje, na hilo tunaliita maendeleo.

Kwa hivyo mimi nikitoka kwa safari ya kutwa, nabeba hivi. Saa za kwanza, waru ndogo zilizochemshwa na chumvi, zimekauka vizuri na kufungwa kwenye foili. Ukienda kwa kasi mwili unataka kama gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na waru mbili za wastani zinakaribia 50. Katikati, muhogo wa kuchemsha au mahindi ya kuchoma yenye ndimu na pilipili, nikiyapata njiani. Yai pasua moja nikisimama. Njugu nazila polepole na mahali pa tambarare, kwa sababu karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta hayaharakishwi. Usizile ukiwa unapanda mlima, zitakusimama kooni. Sambusa ya nyama ni ya asubuhi tu. Jua likishika, achana nayo. Na kama una presha, zungumza na daktari wako kwanza kuhusu chumvi.

Ukipenda jeli, kula jeli, pesa ni yako. Ninachokataa ni kuambiwa ati chakula kilichovusha babu yangu mpakani si cha mwanamichezo. Yule aliendesha chuma kizito, na mtu mzima nyuma, kila siku, bila medali. Wiki hii mpigie simu mzee mmoja aliyewahi kuendesha baiskeli kwa kazi. Muulize alikula nini njiani, na ni nani aliyemuuzia. Akikumbuka jina, liandike.