Mama Kayai Hakutoka Ukambani

Mwulize mtu wa makamo wa Kitui au Makueni akutajie mwigizaji wa kike aliyemzoea tangu enzi za televisheni ya nyeusi na nyeupe iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Kuna uwezekano mkubwa atakutajia Mama Kayai wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi. Jina lake halisi ni Mary Khavere, naye ni Mluhya, ila mama aliyemwigiza miaka na mikaka alikuwa Mjaluo. Mume wake wa kwenye runinga, Mzee Ojwang' Hatari, alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 12, 2015. Walishikana vizuri hata watazamaji wengi wakaamini kwamba ni mke na mume kweli. Katika hadithi yote hiyo Ukambani, nchi ya Wakamba wa Kitui na Makueni, haumo. Basi mtu akiandika historia ya waigizaji wa kike wa Kenya kwa kuhesabu nyuso zilizovuma runingani, akifika Kitui na Makueni kalamu yake itasita, na atashawishika kusema kwamba nyanda hizi kame zimezaa wachongaji, wanamuziki na wanasiasa lakini jukwaa haliwahusu sana. Nadhani atakuwa amekosea, kwa sababu ameanza kuhesabu mwishoni.

Mwigizaji hufanya nini hasa? Huazima sauti na mwili wa mtu mwingine mbele ya watu wanaojua kwamba anaazima. Kwa kipimo hicho, jukwaa la kwanza la mwanamke wa Kikamba lilikuwa jikoni, penye mafiga, jioni, watoto wakingojea isyo iive. Hapo bibi alitamba wano, yaani hadithi, au mbano zikiwa nyingi. Sungura alikuwa na sauti yake, fisi na yake, na yule zimwi aitwaye eimu alikuwa na sauti nzito ya kukwaruza iliyowafanya watoto wasogeleane. Hadithi ilipofika kwenye wimbo, bibi aliimba na watoto wakaitikia, na wasioitikia walijulikana kuwa wamesinzia. Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango karibu na mji wa Kitui mwaka 1931, alizikusanya mbano hizo kwa wingi na kuchapisha baadhi yake mwaka 1966 katika kitabu Akamba Stories. (Jina la Mbiti lenyewe kwa Kikamba ni fisi; huenda alizaliwa kuwa sehemu ya mkusanyiko wake.) Ukizisoma leo, unaona mara moja kilichobaki nje ya ukurasa. Mazungumzo ya wanyama yapo, nyimbo zipo, lakini kule kupanda na kushuka kwa sauti, mikono, macho na kimya kabla ya eimu kubisha mlango havipo. Kilichochapishwa ni mswada. Uigizaji ulikuwa wa yule bibi.

Mtaalamu wa sanaa za maonyesho atanionya hapa kwamba nachanganya mambo, kwamba nikianza kuita kila desturi uigizaji, neno litakosa maana. Onyo hilo nalikubali, na ndiyo maana siitaji ngoma ya kilumi katika hesabu hii, ingawa wengi huikimbilia. Kilumi ni ya wanawake kwa kiasi kikubwa, ina ngoma ndefu zenye mshindo, ina mavazi na hadhira, na mvua ikigoma huko Kitui ndiyo iliyochezwa. Lakini mwanamke anayepandwa na pepo katika kilumi haigizi. Kwake na kwa waliomzunguka, pepo yupo kweli, na kumwita mwigizaji ni kumvunjia heshima. Mtambaji wa wano ni kitu kingine. Yeye na watoto wanajua kwamba eimu hayupo mlangoni, na raha yote imo katika kujifanya yupo. Vivyo hivyo nyimbo za myali, zile za kusema watu na kukosoa mambo yaliyopotoka, ambamo mwimbaji huweza kumwiga chifu au mume mlevi kwa mwendo na matamshi. Wanawake walioungana katika vikundi vya mwethya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika milima ya Mbooni na Kilungu waliimba jembe likipanda na kushuka, na ni vikundi vya aina hiyo vilivyokuja kupanga mstari kila mgeni wa serikali alipofika. Kutoka hapo hadi kwenye mchezo mfupi wa kuhimiza chanjo katika baraza la chifu ni hatua moja tu.

Jukwaa rasmi lilikuwa mbali, na umbali wenyewe haukupimwa kwa kilomita peke yake. Jumba la Kitaifa la Maonyesho la Kenya lilifunguliwa Nairobi mwaka 1952, na kwa miaka mingi liliendeshwa kwa matakwa ya walowezi na wageni. Televisheni ilikuja mwaka 1962. Hata mwaka 1976, zaidi ya muongo mmoja baada ya uhuru, waandishi wa mchezo wa The Trial of Dedan Kimathi, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, walilazimika kuvutana na wasimamizi wa jumba hilo ili wapate siku chache za kuonyesha. Ikiwa mwandishi mashuhuri na mhadhiri wa chuo kikuu waliupata mlango ukiwa nusu, msichana wa Mutomo au Kibwezi aliyejaliwa kipaji angeupata vipi? Asiyeonekana jukwaani Nairobi katika miaka hiyo hawezi kuhesabiwa kuwa hana kipaji.

Sasa turudi kwa Mary Khavere, kwa sababu kazi yake inathibitisha jambo ambalo wengi hulisoma kinyume. Husemwa kwamba vichekesho vya runinga ya Kenya viliishi kwa lafudhi: Mjaluo azungumze hivi, Mkikuyu ateleze kwenye 'r' na 'l', Mkamba avute maneno, na watu wacheke. Kwa hiyo, husemwa, kabila lililokosa mtu wake pale lilikosa uwakilishi. Lakini Mluhya akiwa mke wa Kijaluo, na Mkikuyu akiwa mume wa Kijaluo, lafudhi ile haikuwa kitambulisho cha mtu. Ilikuwa vazi, na vazi huvaliwa na yeyote aliyejifunza kulifunga. Huo ndio ufundi ule ule wa bibi aliyekuwa fisi dakika moja na sungura dakika inayofuata. Mambo hayajabadilika sana. Katika Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Netflix iliyotengenezwa Kenya, iliyotoka Julai 2022, binti anayerudi kijijini baada ya miaka kumi mjini na kukuta kampuni ya madini inataka ardhi ya watu wake anaitwa Akisa Musyoka. Musyoka ni jina ambalo Mkamba yeyote analitambua, lakini aliyemwigiza ni Melissa Kiplagat. Huenda wako wanaonung'unika kwamba nafasi ya Mkamba imechukuliwa. Manung'uniko hayo nayaelewa, ila siwezi kuyaunga mkono na papo hapo nimsifu Khavere. Mwigizaji akifungiwa katika kabila lake amenyang'anywa kazi yake.

Swali linalobaki ni zito zaidi: msichana wa Kitui alijifunzia wapi kulifunga vazi la mtu mwingine, na nani alimwona? Jibu liko shuleni. Tamasha la maigizo la shule za Kenya lilianza mwaka 1959, likiwa la Kiingereza na la shule chache. Leo shule hushindana kuanzia ngazi za chini kabisa hadi taifa, na humo mna tamthilia, mashairi, ngoma bunifu na masimulizi. Hiyo fani ya masimulizi itazame kwa makini. Mwanafunzi mmoja husimama jukwaani, mara nyingi akiwa na leso na kigoda tu, akawa bibi, mjukuu, mfalme na zimwi kwa zamu. Majaji wanampa alama kwa kile kile ambacho Mulango kilifanywa bila alama. Na katika shule za wasichana, ambazo Kitui na Makueni zina za kutosha, hakuna mvulana wa kuitwa amwigize baba. Msichana huchora ndevu kwa makaa, huvaa koti la mwalimu linalomfika magotini, hukohoa kizee, na ukumbi hupasuka kwa kicheko kabla hajatamka neno. Kisha anaanza kusema, na kicheko kinakatika. Anayeweza kukikata amefuzu somo ambalo vyuo vingi hulitoza ada. Wenye mamlaka wanalijua jukwaa hilo vyema: mwaka 2013 mchezo wa wasichana wa Butere, Shackles of Doom, ulizuiwa hadi mahakama ikaingilia kati, na Aprili 2025 wasichana wa shule hiyo hiyo walitupiwa vitoa machozi Nakuru kwa sababu ya Echoes of War. Hakuna anayehangaika kuzima mchezo wa watoto.

Tena kuna setibuku. Hili historia hulipita kwa haraka mno, pengine kwa kuwa linanuka darasa. Vikundi vya waigizaji huzunguka shule za upili nchini vikiigiza tamthilia zinazotahiniwa, na kwa mwanafunzi wa bweni huko Mwingi au Wote, mwigizaji wa kulipwa wa kwanza kumwona kwa macho yake ni huyo anayeshuka kwenye matatu na begi la mavazi. Chukua Kigogo ya Pauline Kea, iliyosomwa kote nchini kabla ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege kushika zamu. Mhusika wake mkuu ni Tunu, msichana anayewaongoza watu wa Sagamoyo kumkabili Majoka aliyewafungia soko. Meza za bwalo husogezwa ukutani, harufu ya maharagwe haijatoka, pazia ni shuka la kitanda. Wanafunzi mia kadhaa wameketi chini na vitabu magotini, wakifuata maneno mstari kwa mstari, na mwigizaji akiruka sentensi wanamkumbusha kwa sauti. Sidhani Jumba la Kitaifa limewahi kuwa na hadhira kali namna hiyo. Aliyemwigiza Tunu asubuhi Kitui mjini huenda alasiri alimwigiza Tunu yule yule kwenye shule nyingine, huku vumbi la barabara likiwa bado kwenye nyusi. Alicholipwa kilikuwa kidogo na jina lake halikubandikwa popote, lakini kwa idadi ya macho yaliyomtazama, anaweza kuwapita wengi wanaopewa tuzo.

Mtu atauliza, na ana haki: je, kazi isiyo na jina wala pato ni kazi? Televisheni angalau humpa mwigizaji vyote viwili. Jina, ndiyo. Pato, tuseme kwa uangalifu. Wanjau alikuwa uso uliojulikana na kila mtoto wa Kenya, na bado uzeeni Wakenya walichangishana ili atibiwe macho. Runinga yenyewe haikufika kila nyumba kama inavyodhaniwa. Sensa ya 2019 iliwakuta watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, na nchi nzima ni asilimia 40.7 tu ya kaya zilizokuwa na televisheni inayofanya kazi. Redio zilikuwa katika kaya nyingi zaidi, asilimia 56.9. Kwa hiyo sauti ya mwanamke anayeigiza kwa Kikamba, katika stesheni kama Musyi FM, ilipenya mahali ambapo picha ya Mama Kayai haikufika. Redio inamrudisha mwigizaji kwenye chombo cha bibi, yaani sauti peke yake, gizani.

Kuhusu jina nakubali kushindwa. Uchongaji wa vinyago wa Akamba una mtu wa kutajwa: Mutisya Munge wa Wamunyu, anayesemekana kuuleta ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kinyago huuzwa, husafirishwa, huwekwa kabatini London, na mnunuzi huuliza kilichongwa na nani. Wano huisha chakula kikiiva. Hakuna aliyeuliza jina la mtambaji, na hata wasomi waliozichapisha hadithi waliona ni mali ya kabila zima, kana kwamba kabila linaweza kukohoa na kubadilisha sauti. Hapo ndipo pengo la historia hii lilipo: sanaa ilikuwepo, orodha ya majina haikuandikwa. Na pengo la orodha huzibika, tofauti na pengo la kipaji.

Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliziachia kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma, majumba ya sinema na makumbusho. Serikali za Kitui na Makueni zina idara za kazi hiyo, na zina bajeti zake. Zianze kwa daftari. Kila shule ya wasichana ina picha ukutani za vikundi vilivyofika taifa, na majina ya waliomo bado yanakumbukwa na walimu waliowafunza, ambao wengi wanakaribia kustaafu. Watambaji wazee wa Mulango, Ikutha na Kilungu wapo, na simu ya kawaida inatosha kuwarekodi. Afisa wa utamaduni asingoje mkutano wa wadau. Aende wiki hii, akae penye mafiga, aulize kwanza jina.