Kipa wa Huku, Kocha wa Kule

Siku Simba ya Dar es Salaam ilipocheza Cairo, mwaka wa 2003, redio ya mjomba ilitiwa betri mpya. Tulikuwa Mkongani, vijana wengi kuliko viti, wengine tumekaa kwenye mizizi ya mwembe. Mjomba mwenyewe hakuwa shabiki wa Simba. Yeye alikuwa mtu wa Harambee Stars, tena Stars ya zamani, na alikaa pale kulinda redio yake tu. Mpaka mtangazaji alipotaja jina la kocha.

"Siang'a? Siang'a yupi?"

"Kocha wa Simba, mjomba. James Siang'a."

"Wee! Huyo ni kipa wetu, bwana. Amekuwa kocha lini?"

Sisi hatukujua kwamba aliwahi kudaka. Yeye hakujua kwamba anafundisha. Mtu mmoja, nusu mbili, na kila upande ulikuwa na nusu yake. Nimelikumbuka jambo hilo kila ninaposikia historia ya mpira wa Afrika Mashariki ikisimuliwa. Inasimuliwa kwa nchi: hii ya Kenya, hii ya Tanzania. Aliyeishi pande zote mbili hukatwa katikati, kama shamba la urithi.

Nianze na nusu ya mjomba. James Siang'a alikuwa golikipa wa Gor Mahia na wa timu ya taifa miaka ya 1970. Kenya ilipofuzu kwa mara ya kwanza kabisa kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Kameruni mwaka wa 1972, alikuwa kipa katika kikosi kile. Stars walifungwa na wenyeji 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Mali, tena 1-1 na Togo. Wakarudi nyumbani. Kwa hesabu ya magoli ni safari ya kawaida. Lakini Mali hiyo hiyo ndiyo iliyokwenda hadi fainali, na wenyeji walituzidi kwa goli moja tu. Timu mgeni haifiki hapo kama nyuma pamelala wazi.

Kazi ya kipa ina dhuluma yake. Mfungaji akikosa mara tisa na kufunga mara moja, jina lake litaimbwa. Kipa akiokoa mara tisa na kufungwa mara moja, ataulizwa hiyo moja. Lango lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44, na mtu mmoja anaambiwa alijaze. Tulipokuwa tukicheza mpira wa makaratasi hapa kijijini, aliyepelekwa golini ni yule asiyejua kucheza, au mdogo kuliko wote, au mwenye kidonda mguuni. Hakuna aliyejitolea.

Lakini kuna jambo kipa analolipata ambalo wengine hawalipati. Yeye ndiye mchezaji anayeuona uwanja wote uso kwa uso. Straika anacheza akiwapa mgongo wenzake, winga anaona mstari wake. Kipa anaona beki alivyochoka kabla beki mwenyewe hajajua, anaona pengo likifunguka, anapiga kelele. Kwa dakika 90 anafanya kazi ya kocha, na jezi bado iko mwilini. Hata hivyo makocha wakuu waliotoka golini ni wachache duniani. Dino Zoff wa Italia ni mmoja wao: alitwaa Kombe la Dunia mwaka wa 1982 akiwa kipa na nahodha, ana miaka 40, kisha akaifikisha Italia fainali ya Ulaya mwaka wa 2000 akiwa kocha. Kenya nayo, nchi isiyo na makombe ya kujazia kabati, ina zaidi ya mmoja. Jacob Mulee, yule tunayemwita Ghost, alikuwa kipa kabla ya kuipeleka Stars Tunisia mwaka wa 2004. Huko Kenya iliichapa Burkina Faso 3-0, ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo tangu safari ile ya 1972.

Sasa nusu yetu sisi vijana. Kwa nini Mkongani ishabikie timu ya Dar? Mgeni huuliza hivyo, lakini kwa mtu wa Kwale ni swali la ajabu kidogo. Wadigo wako huku na wako Tanga. Ukishapita Lunga Lunga na Horohoro unaulizwa habari za shangazi yako. Redio za Tanzania zilishika vizuri, na mpira ulitangazwa kwa Kiswahili chetu. Nairobi ilikuwa mbali kwa barabara na mbali kwa moyo. Basi wengine wakawa Simba, wengine Yanga, na ugomvi ukawa ule ule wa Kariakoo.

Siang'a alivuka mpaka huo akaifundisha Simba, na timu ya taifa ya Tanzania pia. Mwaka wa 2003 Simba ikapangiwa Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi wa Afrika. Dar es Salaam Simba ilishinda 1-0, goli la Emmanuel Gabriel. Cairo Zamalek nao wakashinda 1-0. Matuta.

Hapo wazee wote wa Simba walishika tama, maana filamu hii walikwisha kuiona. Mwaka wa 1974, nusu fainali ya Afrika, Simba ilishinda 1-0 nyumbani dhidi ya Mehalla ya Misri, ikafungwa 1-0 kule, na ikatolewa kwa matuta. Hesabu ile ile, nchi ile ile, miaka 29 baadaye.

Tofauti ni kwamba safari hii kwenye benchi alikaa mtu aliyeishi golini. Penalti ni mita 11, na wengi huitazama kwa jicho la mpigaji. Kipa anajua siri yake: mwenye hofu ni yule anayepiga, kwa sababu yeye ndiye anayetarajiwa kufunga. Mlangoni alikuwa Juma Kaseja, kijana wa miaka 18, ambaye naye baadaye aliingia ukocha. Sijui kocha alimwambia nini. Najua kwamba Kaseja aliokoa, kwamba Christopher Alex alipiga ya mwisho ikazama, na kwamba ilisomeka 3-2. Bingwa wa Afrika nje. Mkongani tulikimbia barabarani gizani bila kujua tunakimbilia wapi.

Simba ikaingia kundi moja na Enyimba, Ismaily na ASEC Mimosas. Haikuvuka, lakini Enyimba na Ismaily ndio waliokutana fainali, kwa hiyo haikuwa aibu.

Siang'a alifariki Septemba 2016, magharibi mwa Kenya, baada ya kuugua. Kenya ilimlilia kipa wa 1972. Tanzania ilimlilia kocha wa 2003. Kila mmoja alikuwa mkweli, na kila mmoja alizika nusu.

Mjomba usiku ule hakukimbia nasi. Tuliporudi tulimkuta bado ameshika redio, ameizima ili betri zisiishe.

"Mimi nilikuwa na Siang'a mmoja," akasema, "na nyinyi mlikuwa na wenu. Kumbe ni yule yule."

Kisha akatuuliza, kwa mara ya kwanza, kesho nani anadaka. Mkono mmoja ukainuka.