Mafunzo ya tiba ya meno ya wazee

Hili ni tawi la elimu ya udaktari wa kinywa na meno linalomwandaa mwanafunzi kuhudumia wazee, ambao kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ni watu wa miaka 60 na zaidi. Tanzania ilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1979 jijini Dar es Salaam, mahali ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Shahada huchukua miaka 5, kisha utarajali wa mwaka 1.

Kinywa cha mzee kina mambo yake. Fizi zikishuka, mizizi hubaki wazi na kuoza. Dawa kadhaa za shinikizo la damu hupunguza mate, na kinywa kikikauka meno huharibika upesi. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kuuliza dawa kabla hajashika koleo: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu muda mrefu baada ya kung'olewa jino. Kisukari nacho huchelewesha kidonda kupona.

Kufika kwa daktari nako si rahisi: kwa mzee wa Mkuyuni, kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima. Kupanda huko na magoti mabovu ni kazi. Daktari kijana atahitaji shikamoo, subira na pengine mjukuu wa kumtafsiria Kisukuma. Matibabu yakiisha, kiti huinuliwa polepole, maana mzee akiinuka ghafla hupata kizunguzungu.