Nani Analipa Masomo Makubwa?



Kule Kashebere, Masisi na Walikale zinapokutana, mzazi akitaka kumpeleka mtoto universite anauza mbuzi, kisha maharagwe, kisha hata kipande cha shamba. Katekista mmoja aliniuliza: «Padri, wazee wanasema zamani serikali iliwapa wanafunzi feza. Feza ile ilikwenda wapi?» Ulizo hili ni la haki. Tutazame historia.

Mwaka 1954 Universite Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville. Mama yake alikuwa Universite Katolika ya Louvain, lakini serikali ya Wabelgiji iliisaidia kwa feza. Mwaka 1956 serikali ilifungua ya kwake kule Élisabethville, na mwaka 1963 Waprotestanti wakafungua ya kwao kule Stanleyville. Wanafunzi walikuwa wachache, nao walipewa burse, ndiyo feza ya kuwatunza katika masomo. Mtoto wa maskini aliyefaulu aliweza kusoma.

Lakini mwenye kulipa anataka pia kuamuru. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana. Kati ya mambo waliyodai ni burse iongezwe. Askari waliwapiga risasi, wengine wakafa. Juni 1971 wenzao walipotaka kuwakumbuka wafu wale, wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu. Mwezi wa Agosti Mobutu aliunganisha universite zote tatu kuwa moja ya taifa. Mwaka 1974 Fakulte ya Teolojia ilitolewa humo. Je, ilikufa? Hapana. Maaskofu waliibeba wenyewe, na kwa shina hilo imekua Universite Katolika ya Kongo.

Kisha bei ya shaba ilianguka, madeni yakazidi, na mkono wa serikali ukawa mfupi. Mwaka 1981 universite ya taifa iligawanywa tena. Mwaka 1989 Universite Katolika ya Graben ilizaliwa Butembo. Katika miaka ya 1990 burse zilikwisha, na mshahara wa mwalimu ukawa kama si kitu. Tangu hapo wazazi ndio wanaobeba mzigo. Mwaka 2019 serikali ilianza kutimiza ahadi ya shule ya msingi bila malipo. Masomo makubwa hayakuguswa.

Tunajifunza nini? Serikali ilipolipa, ilishika ufunguo wa mlango. Ilipoacha kulipa, mlango ulibaki wazi, lakini kwa mwenye feza. Njia zote mbili zinamwumiza mtoto wa maskini.

Ninyi wasemineri, msisahau: masomo yetu yanalipwa pia na sadaka ya mama ambaye pengine hajui kusoma. Basi tusinyamaze. Tuikumbushe serikali wajibu wake. Nayo parokia, hata ikiwa maskini, ichague mbele ya watu wote mtoto mmoja mwenye akili na imsaidie mpaka mwisho, bila kuangalia kabila wala ujamaa. Fakulte yetu iliponyimwa feza ya serikali haikufa, kwa sababu ilipata wenye kuibeba. Mtoto wa Kashebere naye anangoja wa kumbeba.