Mstari Nilioruka: Historia Fupi ya Upofu Baada ya Upasuaji wa Mgongo



Miaka michache iliyopita nilimsindikiza kaka yangu mkubwa hospitali, hapa Marekani, kutia saini fomu ya kukubali kupasuliwa uti wa mgongo. Mkalimani wa hospitali alimkataa, akasema mdogo wake yupo, tena msomi. Nikamsomea hatari zote: kutoka damu, vijidudu, kupooza. Nilipofika kwenye mstari uliotaja kupoteza uwezo wa kuona, nikauruka. Mgongo na macho, wapi na wapi? Nikaona nitamtia hofu bure.

Kaka alipona na anaona vizuri. Lakini mstari ule ulinikaa rohoni, nikaanza kutafuta asili yake.

Mwaka 1954 Robert Hollenhorst, daktari wa macho wa Mayo Clinic, aliandika pamoja na wenzake habari za wagonjwa walioamka kutoka kwenye nusu kaputi wakiwa wamepofuka jicho moja. Wakati wa upasuaji walikuwa wamelazwa kifudifudi, na egemeo la kichwa lilikandamiza jicho. Shinikizo la damu nalo lilikuwa limeshuka, hivyo damu haikufika kwenye retina. Walipojaribu jambo hilo kwa nyani, matokeo yakawa yaleyale.

Fundi yeyote angesema kosa limepatikana: ondoa mkandamizo, kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Kadiri upasuaji wa mgongo ulivyozidi kuwa mrefu, wenye skrubu na vyuma vingi, walitokea wagonjwa waliopofuka ilhali macho yao hayakuguswa na kitu.

Mwaka 1999 Chama cha Madaktari wa Usingizi cha Marekani kilifungua rejista ya matukio hayo, yakipokelewa bila majina ya wagonjwa. Sisi wahandisi tunaijua thamani ya daftari la namna hiyo. Kosa likifichwa halifundishi mtu, likiandikwa linaokoa wengine. Mwaka 2006 Lorri Lee na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 93 wa mgongo. Kati yao, 83 waliharibika neva ya jicho kwa kukosa damu ya kutosha, na 10 tu ndio walioziba mshipa wa retina. Katika wale 83, asilimia 96 walikuwa wamepoteza damu lita 1 au zaidi, au wamekaa chini ya dawa ya usingizi saa 6 au zaidi. Thuluthi mbili waliathirika macho yote mawili. Baadhi yao vichwa vilikuwa vimeshikwa kwa pini, uso ukining'inia hewani.

Maelezo yanayoelekea zaidi ni ya mabomba na maji. Mtu akilala kifudifudi muda mrefu, hasa kichwa kikiwa chini kuliko moyo, damu hurudi kwa shida kutoka kichwani. Maji hujikusanya, uso huvimba, na neva ya jicho, iliyo katika nafasi finyu, hukosa damu safi. Utafiti wa mwaka 2012 uliongeza kwamba wanaume, watu wanene, na waliolazwa juu ya kiunzi cha Wilson walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Mwongozo uliotolewa 2006 ulishauri kichwa kiwe sawa na moyo au juu yake, upasuaji mrefu ufikiriwe kugawanywa kwa awamu, na mgonjwa aliye katika hatari aambiwe mapema. Kati ya 1998 na 2012 matukio yalipungua sana nchini humu. Kwa wastani, katika miaka hiyo, lilikuwa kama tukio 1 kwa kila wagonjwa 10,000 waliounganishwa pingili.

Hatari ni ndogo, basi. Hata hivyo nilimwendea kaka nikamwambia nilichofanya. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Ningetia saini vilevile. Lakini asubuhi ile ningewatazama wajukuu kwanza."

Ndugu zangu, mkipelekwa kwenye upasuaji wa mgongo, ulizeni utachukua saa ngapi, damu kiasi gani inatarajiwa kupotea, na kichwa kitakaaje. Na mkifasiriana, msiruke mstari. Mwenye macho ndiye mwenye haki ya kuusikia.