Sepsisi Detroit, Lusaka na Kasesya

Mwaka 2001 huko Detroit, Emanuel Rivers na wenzake walionyesha kwamba mgonjwa wa sepsisi akiwahiwa kwa maji mengi ya dripu, dawa za kupandisha presha na kipimo cha oksijeni katika mshipa mkubwa, vifo hushuka kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5. Mwaka 2017 yakachapishwa matokeo ya Lusaka, Zambia, na yalikwenda kinyume: kati ya watu wazima waliofika na presha ya chini, waliomiminiwa maji haraka kwa utaratibu uliopangwa walifariki asilimia 48.1, ilhali walioachiwa uamuzi wa kawaida wa madaktari wao walifariki asilimia 33.

Hakuna aliyedanganya. Detroit, mapafu yakijaa maji, mashine ya kupumulia ipo. Lusaka vitanda vya mahututi vilikuwa haba, na wagonjwa wengi waliishi na VVU.

Hata maana ya ugonjwa imebadilika. Wataalamu wa mwaka 1991 walitazama homa, mapigo ya moyo, pumzi na chembe nyeupe za damu, vigezo ambavyo hata malaria huweza kuvitimiza. Wa mwaka 2016 walitaka zaidi: mwili, katika kupambana na maambukizi, uwe unaharibu viungo vyake wenyewe. Kuthibitisha hilo kikamilifu kunahitaji maabara. Dalili zao tatu za kando ya kitanda, yaani pumzi 22 au zaidi kwa dakika, namba ya juu ya presha isiyozidi 100 na fahamu kubadilika, zinahitaji saa, kipimo cha presha na muuguzi makini, ingawa mwongozo wa kimataifa wa 2021 unaonya zisitegemewe peke yake.

Mwongozo huohuo unapendekeza mililita 30 za maji ya dripu kwa kila kilo ya mgonjwa. Kwa mtu wa kilo 60, karibu chupa nne za nusu lita. Pale Kasesya, wilayani Kalambo, Tanzania, ambako ng'ambo ya mpaka ni Zambia, mimi ningeusoma nikiwa na matokeo ya Lusaka mkononi. Kwa watoto hilo limeshafanyika: utafiti wa 2011 uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, Hospitali ya Teule, Muheza, ikiwemo, ulikuta kumimina maji haraka kunaongeza vifo, na mwongozo wa watoto wa 2020 ukatenganisha hospitali zenye huduma ya mahututi na zisizo nayo.

Kuhusu antibiotiki, Detroit na Lusaka hazigombani. Mgonjwa aliyezidiwa Kasesya apewe dozi ya kwanza kabla gari halijaondoka kuelekea hospitali ya Sumbawanga.